Kengele ya kihisi inaniamsha saa 8 usiku, na asubuhi sukari iko juu

Assalamu alaikum wahariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, mwanamke wa miaka 54. Kisukari cha aina ya pili ninacho mwaka wa 11 sasa. Nachoma insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70: yuniti 24 asubuhi na 16 usiku, pamoja na vidonge vya metformin. Huchoma nikishaketi mezani, kisha nala. Chakula cha usiku kwetu ni kama saa 2 na nusu.

Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat aliniletea vihisi vitatu vya kupima sukari, vya kuvaa mkononi, vile vya siku 14 vinavyosomwa kwa simu. Cha kwanza kilibanduka siku ya 5, jasho tu na mkanda wa mkoba. Cha pili kiko mkononi, leo siku ya 9. Cha tatu kiko kabatini.

Nilidhani nitapumzika, kumbe nimejiongezea mzigo. Karibu kila usiku, baina ya saa 8 na saa 9, kengele inalia: 3.1, 3.3, mara moja 2.9 (kwa mmol/L). Naamka, nanywa soda chupa nzima na vipande viwili vya mkate, narudi kulala. Asubuhi nakuta 12 au 13. Kabla ya kihisi, asubuhi nilikuwa napata 8 au 9. Wiki iliyopita nilipeleka daftari kliniki, wakaona hizo 12 na 13, wakasema kama hazijashuka nikirudi, wataongeza dozi ya usiku. Habari ya soda sikuwaeleza, foleni ilikuwa ndefu. Mume wangu naye amesema mimi na kengele yangu tuhamie sebuleni.

La pili, juzi baada ya chakula cha mchana kihisi kilisema 14.6. Nikajitoboa kidole, mashine ikasema 11.9. Nani mwongo? Nilikuwa na mafua, na ninatumia vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha majini, kimoja cha miligramu 1000 kila siku. Sijui kama yahusu.

La tatu, Jumapili tulialikwa biriani. Saa moja baada ya kula naona 15.8, nikaongeza yuniti 6. Saa nyingine ikapita, bado 15, nikaongeza 6 tena. Kufika jioni nilikuwa 2.8, natetemeka, nguo zimelowa jasho, mwanangu ndiye aliyeninywesha maji ya sukari.

Na Ramadhani inakaribia. Hiki cha tatu nikivae mara hiki kikiisha, au nikiweke? Mpwa hawezi kuniletea vingine kabla ya mwakani.

Mwalimu, Mombasa

JIBU

Wa alaikum salaam, Mwalimu, na pole kwa usingizi uliokatika. Tutaanza na ile Jumapili ya biriani. Hayo mengine yanasumbua. Hilo lingeweza kukuua.

Insulini ya 30/70 ni insulini mbili ndani ya chupa moja. Asilimia 30 ni ile ya maji safi: huanza kazi baada ya nusu saa hivi, hupamba moto kati ya saa ya 2 na ya 4, na huisha baada ya saa 6 hadi 8. Asilimia 70 ni ile nyeupe ya polepole, ambayo kilele chake huja kati ya saa ya 4 na ya 10. Kwa hiyo katika zile yuniti 12 ulizoongeza, kama 3 na nusu tu ndizo zilizoshughulika na biriani. Zaidi ya 8 zilikaa zikingoja jioni, juu ya dozi ya asubuhi ambayo bado ilikuwa kazini. Ndipo 2.8 ilipotokea. Mchanganyiko huu haufai kabisa kwa kuongezea katikati ya mchana. Uchome kwa saa zake na kwa kipimo cha daktari, hata simu ikuonyeshe nini.

Kilichokuponza ni kwamba sasa unaona jambo ambalo zamani lilikuwa linapita bila wewe kulijua. Mtu aliyekula wali hupanda, na kilele huja saa 1 hadi 2 baada ya tonge la kwanza. Biriani ina samli na nyama, kwa hiyo tumbo hukiachilia chakula kidogo kidogo, na mstari unaweza kubaki juu kwa saa 4 hata 5. Ukiona 15 na ule mshale ulio kando ya namba umelala, kunywa maji, tembea dakika 15 au 20 kwa mwendo wa mtu anayewahi dukani, kisha usiangalie tena mpaka saa 2 zipite. Ikikaa juu ya 15 nusu siku nzima, pigia kliniki. Ukitapika, ukiumwa tumbo au ukihema kwa kasi, usipige simu, nenda hospitali.

Huo mshale ni wa maana kuliko namba, na wengi hawautazami. Katika vihisi vingi vya aina yako, mshale uliolala unasema sukari imetulia au inasogea kidogo tu. Uliopinda kwenda juu au chini unasema inabadilika kwa 0.06 hadi 0.1 kila dakika. Uliosimama wima unasema ni zaidi ya 0.1 kila dakika, yaani zaidi ya 3 kwa nusu saa. Sasa fikiria 6.0. Yenye mshale uliolala ni namba ya kupendeza. Yenye mshale wima kwenda chini inaweza kuwa 3 kabla hujafika nyumbani kutoka kituo cha matatu.

Sasa tuje usiku wako. Sukari ya usiku huonekana kushuka kwa njia mbili, na zote mbili zinawezekana kwako.

Njia ya kwanza ni kushuka kwa kweli. Ukichoma saa 2 na nusu usiku, ile sehemu ya polepole inafika kileleni kuanzia kama saa 6 na nusu usiku. Saa 8 na saa 9 zimo humo humo.

Njia ya pili ni uongo wa mto na godoro. Kihisi (wengine huita sensa, ingawa sensa tuijuayo ni ya kuhesabu watu) hakigusi damu. Uzi wake, wenye urefu wa kama milimita 5, umekaa katika majimaji yaliyo baina ya seli chini ya ngozi. Ukilalia mkono huo, uzito wa mwili unayakamua majimaji hayo na kuibana mishipa midogo, sukari ya pale pale penye uzi inapungua, na kihisi kinapiga kelele ilhali damu yote iliyobaki iko sawa. Hukutuambia unalalia ubavu gani. Ukiwa ni ule ule wenye kihisi, tuhuma inapanda.

Umbo la mstari husema mengi. Fungua simu asubuhi utazame usiku uliopita. Mteremko wa kweli wa insulini unashuka kama njia ya mlimani: 9 saa 5 usiku, 7 saa 6, 5 saa 7, 3.3 saa 8. Wa godoro ni ukingo wa jabali: uko 7 umetulia, ndani ya dakika 10 au 15 umedondoka hadi 3, unakaa huko, kisha ukijigeuza unaruka kurudi 7 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini mstari peke yake hautoshi kwa uamuzi wa dozi, kwa hiyo una kazi ya usiku 3. Kabla ya kulala weka kando ya kitanda mashine ya kidole, stripu, sindano ya kutobolea, kitambaa chenye maji na kingine kikavu. Na weka glasi yenye vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu, vikiwa vimekorogwa katika nusu glasi ya maji. Kengele ikilia, keti. Kama unatetemeka, unatoka jasho au kichwa hakiko sawa, kunywa kwanza, pima baadaye. Kama uko sawa, futa kidole kwa kitambaa chenye maji, kikaushe, pima. Andika namba mbili, ya kihisi na ya kidole, na saa. Kidole kikisema chini ya 3.9, kunywa glasi yako. Kikisema 5 na kuendelea, usinywe kitu. Kaa dakika 10 au 15 bila kuulalia mkono, kisha soma kihisi tena uone kinavyopanda chenyewe. Kati ya 3.9 na 5, kaa hizo dakika 15 halafu rudia kidole. Na siku stripu zimekwisha, amini kengele na unywe.

Glasi hiyo ina kama gramu 16 za sukari, na ndicho kipimo: gramu 15, kisha dakika 15. Sasa linganisha na unachofanya wewe. Soda ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari. Kipande cha mkate kina kama gramu 15 za wanga, na wewe unakula viwili. Jumla ni 60, mara nne ya dozi. Hapo hatuhitaji kutafuta mchawi wa 12 na 13 za asubuhi, ndizo hizo. Na hatari iko mbele: kliniki waliona matokeo ya soda, wakafikiri ni upungufu wa insulini. Dozi ya usiku ikiongezwa na kama kushuka kwako ni kwa kweli, utashuka zaidi, utakunywa zaidi, na asubuhi utapanda zaidi. Wapigie sasa, usingoje tarehe yako, uwaambie habari ya soda na mkate.

Baada ya kunywa ile glasi kuna mtego mwingine. Majimaji ya chini ya ngozi hufuata damu kwa kuchelewa, kama dakika 5 hadi 10 kwa kawaida, na sukari ikibadilika kwa kasi pengo huonekana kubwa zaidi. Utakuwa umeshapona, kidole kinasema 5, na simu bado inaonyesha 3.2 nyekundu. Ukiitii simu utakunywa mara ya pili. Kwa hiyo kipimo cha dakika ya 15 kifanye kwa kidole. Ukishapanda, na bado usiku ni mrefu, kipande kimoja cha mkate kinatosha.

Usiku 3 zikishapita utajua. Kama kidole kilithibitisha, peleka namba hizo kliniki hata kabla ya dozi inayofuata. Kwa kushuka kusikoelezeka, kawaida hupunguzwa asilimia 10 hadi 20, yaani 16 yako iwe 13 au 14. Wakati mwingine madaktari huzitenganisha zile insulini mbili, ya haraka ikabaki kwenye chakula na ya polepole ikasogezwa hadi wakati wa kulala. Hilo waamue wao. Kama kidole kilikanusha, hakuna dozi ya kubadilisha. Kuna mkono wa kubadilisha.

Halafu angalia tena asubuhi, safari hii bila soda. Ile 8 au 9 ya zamani ilitoka wapi? Kama mstari unaingia kitandani ukiwa 9 na unakwenda sawa mpaka alfajiri, tatizo ni chakula cha usiku. Kama uko 6 usiku kucha kisha unaanza kupanda kuanzia saa 10 alfajiri, ni homoni za kuamka, ambazo huliambia ini litoe sukari hata hujala kitu. Tiba zake hazifanani, na kipimo kimoja cha kidole cha saa 12 asubuhi hakiwezi kamwe kuzitofautisha. Hapa ndipo kihisi kinapolipa gharama yake.

Kuhusu kengele na mume wako: ya kushuka iache ilie, na iache kwenye 3.9. Ya kupanda izime usiku kabisa, haina cha kukufanyia saa hizo. Na hakikisha programu ya kihisi imeondolewa kwenye orodha ya zile zinazozimwa na simu ili kuokoa betri, maana simu nyingi za Android huiua kimyakimya na kengele haitalia siku unayoihitaji.

Nani mwongo kati ya 14.6 na 11.9? Kwanza, tofauti yenyewe si ya kutisha. Kwa kulinganisha kihisi na kidole, pengo la hadi 1.1 sukari ikiwa chini ya 5.6, na la hadi asilimia 20 ikiwa juu ya hapo, huhesabiwa kuwa la kawaida. Asilimia 20 juu ya 11.9 ni 14.3. Umepita kidogo. Kuchelewa kwa majimaji kungeweza kueleza sehemu kama sukari ilikuwa inateremka, kwa kuwa kihisi kinakuwa bado kinaonyesha ya dakika 10 zilizopita. Ikiwa inapanda, kihisi ndicho kingekuwa chini. Lakini hata kwa mshale wima hiyo ni kama 1 tu, na wewe una 2.7.

Tunaitilia shaka ile vitamini C. Uzi wa kihisi una kimeng'enya kinachoigusa sukari na kuzalisha umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Vitamini C ikiwa nyingi nayo hutoa umeme pale pale, kihisi kikaihesabu kama sukari. Maelekezo ya vihisi vya FreeStyle Libre 2 na 3 vya kawaida yanaonya dhidi ya zaidi ya miligramu 500 kwa siku. Matoleo ya Plus yanavumilia hadi 1000. Kwa upande wa vihisi vya Dexcom G6 na G7, kinachotajwa ni paracetamol ikizidi gramu 1 kila saa 6, na haidroksiyurea, dawa ambayo wagonjwa wengi wa selimundu kwetu huitumia, na hupandisha namba kwa uongo. Soma karatasi ya chapa yako. Ubaya wa kosa la kwenda juu ni kwamba linaweza kuficha kushuka kwa kweli. Acha vile vidonge vya vitamini C, machungwa na mapera yanatosha kwa mafua, kisha baada ya siku 2 linganisha upya: kabla ya chakula cha mchana na kabla ya cha usiku, mshale ukiwa umelala, mikono imeoshwa na kukaushwa, tone limetoka bila kukamuliwa kwa nguvu. Angalia na kopo la stripu. Likiachwa wazi kwenye unyevu wa pwani, mashine ya kidole nayo inaanza kusema hovyo, na wewe unaifanya hakimu.

Vidole havitastaafu kabisa. Jitoboe siku ya kwanza ya kila kihisi, maana ndiyo siku yake mbovu. Jitoboe pia hali ya mwili inapopingana na namba. Na kila kengele ya kushuka, kama hali yako inaruhusu.

Kubanduka. Mombasa si rafiki wa gundi, hasa wakati wa kaskazi, lakini kihisi cha kubanduka siku ya 5 mara nyingi kilikuwa kimebandikwa vibaya siku ya 1. Adui mkubwa ni mafuta ya nazi. Siku ya kubandika usipake chochote mikononi, wala usioge kwa sabuni yenye krimu ndani. Osha pale mahali kwa sabuni ya kipande isiyo na mambo mengi, kausha, kisha keti mbele ya feni dakika 10 mpaka jasho likatike. Ukibandika ukitoka bafuni, ngozi bado inatoa maji chini ya gundi. Pangusa kwa pamba ya spiriti, uache ikauke yenyewe dakika moja au mbili bila kupuliza kwa mdomo. Chagua nyuma ya mkono wa juu, kwenye nyama laini, mbali na kovu na angalau sentimita 2.5 kutoka unapochoma insulini. Uwe mkono usioulalia na usiobebea mkoba. Kama haiwezekani vyote viwili, fuata usingizi, mkoba uhame. Bandika jioni baada ya shughuli, siyo asubuhi unapokimbilia shule. Ukishasikia mlio, pitisha kidole kuzunguka ukingo wa gundi, ukibonyeza, sekunde 20 hivi. Tone la damu si neno. Damu isiyokoma ni sababu ya kukitoa.

Ukingo ukianza kuinuka, usiuvute. Kata kwa mkasi kile kilichoinuka tu, zungushia vipande vya plasta ya karatasi kama fremu ya picha, lakini usizibe kile kitundu cha katikati kama chako kinacho. Uzi ukishatoka nje, kimekwisha, hakirudishwi. Ngozi ikiwasha sana au ikitoa malengelenge chini ya gundi, kitoe umwone daktari, ni mzio, na kuvumilia huuongeza tu. Kuoga hakuna shida, na vingi vya aina yako vinastahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Na siku 14 zikiisha, usimsikilize anayekwambia anajua kukirefusha: kimeng'enya kimechoka na ngozi imeshabeba tundu wiki 2. Kukitoa, hapo sasa yaite mafuta yako ya nazi. Paka kwenye ukingo, subiri dakika 5, gundi itaachia bila kuchuna ngozi.

Siku zilizobaki za kihisi hiki cha pili ni 5. Usizimalize kwa kukisoma mara 40 kwa siku. Kukisoma unapoamka, kabla ya kila mlo, saa 2 baada yake na wakati wa kulala kunatosha. Kwa vile vya kuskani, kumbukumbu iliyo ndani ya kihisi ni ya saa 8, kwa hiyo usiruhusu pengo refu kuliko hilo, mstari utakatika. Usiku 3 umeshaupangia. Mchana fanya jaribio moja tu, ambalo kwako tunalipa uzito kuliko yote: insulini ya 30/70 huchomwa dakika 30 kabla ya kula, na wewe unachoma ukiwa umeketi mezani. Chakula kinatangulia, insulini inafuata kwa nyuma ikihema.

Asubuhi ya kwanza kula kifungua kinywa chako cha kawaida, tuseme mahamri 2 na kikombe kimoja cha mbaazi, chai bila sukari, ukichoma kama ulivyozoea. Asubuhi ya pili kula kile kile, kwa kipimo kile kile, dozi ile ile, ila uchome dakika 30 kabla. Usichome hivyo kama umeamka chini ya 5, wala kama huna hakika chakula kiko tayari jikoni. Andika namba ya tonge la kwanza, kilele, na namba ya saa 2. Asubuhi ya tatu rudia ya pili, ila anza na mbaazi, mahamri yaje mwisho. Usibadilishe mambo mawili siku moja, utakosa kujua lipi limefanya kazi. Siku zikibaki, fanyia sima na samaki vivyo hivyo, kwa kutembea dakika 15 baada ya kula na kwa kutotembea.

Kihisi kikiisha, toa kwenye programu yake ya simu ripoti ile ya ukurasa mmoja. Huaminika ikiwa kati ya siku 14 angalau asilimia 70 zimenaswa, kama siku 10. Kwa mtu mzima wa umri wako anayetumia insulini, lengo la kawaida ni kukaa kati ya 3.9 na 10 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda, karibu saa 17 kwa siku. Chini ya 3.9 isizidi asilimia 4, chini ya 3.0 isifike asilimia 1, ambayo ni robo saa tu kwa siku. Anza kwa kusoma hizo za chini. Lakini mwambie daktari zile ambazo kidole kilithibitisha kuwa ni za godoro, maana ripoti haijui kitanda chako.

Cha tatu usikiunganishe na hiki. Kitoe kabatini leo uangalie mambo mawili kwenye boksi: tarehe ya kuisha, na alama ya kipimajoto yenye namba mbili, ambayo ni joto la kuhifadhia. Kama chumba kinazidi hapo mchana, tafuta kona yenye ubaridi zaidi, na kisiachwe ndani ya gari kamwe. Hakikisha pia ni toleo lile lile la kile kilichokubali simu yako. Kisha kivae siku 7 kabla ya mwezi kuandama, ili nusu yake ione siku za kawaida na nusu ione wiki ya kwanza ya saumu, wiki ambayo dozi mpya zinajaribiwa.

Kufunga kwenyewe kunahitaji ruhusa ya daktari, na mazungumzo hayo huanza wiki 6 hadi 8 kabla. Kwa kushuka kama kule kwa Jumapili, na usiku ambao bado haujaeleweka, usishangae akikukataza. Akikuruhusu, kwa wanaochoma mchanganyiko mara mbili, mpango wa kawaida ni dozi ya asubuhi kuhamia kwenye futari na ya jioni kuhamia kwenye daku ikiwa imepunguzwa kwa asilimia 25 hadi 50. Namba zako atakuandikia yeye. Kutoboa kidole, kwa kauli ya wanazuoni wengi, hakuharibu saumu, kwa hiyo pima. Kidole kikipita 16.6, fungua. Kikiwa chini ya 3.9, fungua hapo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa kuadhiniwa magharibi.